Mkasi Uko Mikononi mwa Nani?

Mama aliyenitangulia kwenye foleni ya Rusizi II, daraja la mpakani kati ya Rwanda na Kongo, alikuwa na beseni la nyanya kichwani na jeto, kibali cha kuvukia mpaka, mkononi. Aliionyesha, ikagongwa muhuri, akapita. Haikuchukua hata dakika moja. Mimi nilikuwa na mfuko wenye vitabu vinne, nikasimamishwa.

“Mwalimu, hivi ni vitabu vya nini?”

“Vya kusoma, afande. Nampelekea mdogo wangu, anafundisha Bukavu.”

Akatoa kimoja, chembamba kuliko vyote, akakifungua katikati. “Haya ni mashairi?”

“Ndiyo, mashairi.”

“Ya mapenzi?”

“Ya mtu aliyefungwa jela.”

Akanitazama. Akasoma ubeti mzima kimyakimya, midomo ikichezacheza, kisha akakifunga, akakirudisha mfukoni taratibu na kuniambia niendelee. Kilikuwa Sauti ya Dhiki cha Abdilatif Abdalla.

Hakunikosea lolote. Lakini nilipofika katikati ya daraja nilijiuliza: angesema hapana, ningemjibu nini? Ningetaja sheria gani, na ningekata rufaa kwa nani, nyuma yangu watu wamejipanga na mizigo ya unga na nyanya? Kwa muda wa ubeti mmoja, hatima ya kitabu kilichochapishwa mwaka 1973 ilitegemea namna mtu mmoja alivyoamka asubuhi hiyo. Kupiga vitabu marufuku hujadiliwa mara nyingi kama jambo la maadili au la usalama. Mimi naliona kwanza kuwa jambo la mamlaka: nani anashika mkasi, na nani ana ubavu wa kumuuliza.

Mto wenyewe unaopita chini ya daraja hilo haukubaliani na mpaka hata kwa jina. Upande wa Rwanda tunaandika Rusizi, upande wa Kongo wanaandika Ruzizi. Unatoka Ziwa Kivu na kuteremka zaidi ya kilomita mia moja hadi Ziwa Tanganyika. Jina la Rusizi II linabebwa pia na bwawa la umeme lililoanza kazi mwaka 1989, ambalo Rwanda, Burundi na Kongo wanalimiliki pamoja kupitia kampuni ya SINELAC. Kiswahili nacho kinavuka kila siku bila kuonyesha jeto: kwa Wakongo ni mojawapo ya lugha nne za taifa, na Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Kitabu cha Kiswahili kikifika hapa kina wasomaji kingo zote mbili. Kwa hiyo kina pia watu kingo zote mbili wanaoweza kukiogopa.

Anayetetea uhuru wa vitabu akiwa mbali na hapa anaweza kuanza atakapo. Akiwa hapa Cyangugu lazima aanze na Kangura, la sivyo watu wana haki ya kumgeuzia mgongo. Gazeti hilo la Hassan Ngeze lilianza mwaka 1990, na Desemba ya mwaka huohuo likachapisha zile “amri kumi” zilizowafundisha Wahutu kumhesabu jirani Mtutsi kuwa adui. Julai 1993 ikaanza redio RTLM. Aprili 1994, Watutsi waliokuwa wamekusanywa katika uwanja wa Kamarampaka, hapahapa Cyangugu, waliitwa kwa majina kutoka kwenye orodha. Walioitwa walitolewa nje, wakauawa. Orodha ile ilikuwa karatasi yenye maandishi. Asije mtu akaniambia kwamba maneno ni maneno tu.

Hoja nzito kuliko zote za wanaotaka udhibiti inaanzia hapo, na naiheshimu. Wanasema: laiti Kangura ingefungwa mapema. Nimeitafakari miaka mingi. Kinachonizuia kuikubali ni swali dogo tu: ingefungwa na nani?

Rwanda ya 1990 haikukosa mkasi. Ilikuwa nao, na ulikuwa ukifanya kazi. Kabla ya Kangura palikuwa na Kanguka, gazeti la Vincent Rwabukwisi. Majina hayo yametofautiana kwa herufi moja: kanguka ni “amka”, kangura ni “amsha wengine”, na la pili lilichagua jina lake makusudi ili kulifunika la kwanza. Rwabukwisi alikamatwa mwaka 1990 akatupwa jela. Mwaka huohuo padri André Sibomana, mhariri wa Kinyamateka, gazeti la Kanisa Katoliki lililoanzishwa 1933, alifikishwa mahakamani kwa sababu ya makala zilizofichua ufisadi. Ngeze naye aliwahi kukamatwa, lakini hakukosa wakubwa wa kumkingia kifua. RTLM ilirusha matangazo yake ikiwa na wanahisa waliokuwa karibu kabisa na ikulu. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, Rwabukwisi alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Mkasi ulikata pale ulipoelekezwa na mwenye kuushika. Uliwapitia waliotahadharisha, ukawaacha waliochochea, kwa sababu waliochochea na wenye mkasi walikuwa wakila sahani moja. Tunapoambiwa kwamba historia ya Rwanda inathibitisha haja ya ofisi ya kuzuia maandishi, tukumbuke kwamba ofisi kama hiyo ilikuwapo, ikatumiwa dhidi ya watu ambao nchi iliwahitaji sana.

Basi wachochezi waachwe? Hapana. Nao hawakuachwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM pamoja na Ngeze tarehe 3 Desemba 2003. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, ikaacha vifungo vya miaka 30, 32 na 35. Kilichofanyika Arusha kinahitaji kutazamwa kwa karibu. Matoleo ya gazeti na kanda za redio vilitafsiriwa kutoka Kinyarwanda, vikasomwa mbele ya watu wote, mashahidi wakahojiwa, watuhumiwa wakawa na mawakili, na majaji wakaandika sababu zao kwa mamia ya kurasa. Mtu alihukumiwa kwa alichofanya kwa maneno yake, na kila mtu anaweza leo kusoma alifanya nini. Kupiga kitabu marufuku ni kinyume cha hayo. Hakuna shahidi, hakuna wakili, na mara nyingi hakuna hata sababu iliyoandikwa. Ushahidi wenyewe ndio unaofichwa.

Rwanda ilipotunga sheria ya kuadhibu itikadi ya mauaji ya kimbari mwaka 2008, ilikuwa na kila sababu ya kuwalinda manusura. Tatizo lilikuwa mipaka ya maneno. Tafsiri ya kosa ilikuwa pana mno, kiasi kwamba serikali yenyewe iliirekebisha sheria hiyo mwaka 2013, na tena 2018. Katikati ya miaka hiyo palitokea kesi inayofundisha mengi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo nayo iko Arusha, ilitoa hukumu tarehe 24 Novemba 2017 katika shauri la mwanasiasa wa upinzani Victoire Ingabire. Majaji walikubali kwamba dola lina haki ya kuzuia kauli zinazokana au kudunisha mauaji ya kimbari. Kisha wakaisoma hotuba yake ya kwenye jumba la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, Gisozi, wakapima alichosema hasa, wakaona kwamba uhuru wake wa kujieleza ulikiukwa. Serikali ya Rwanda ilikuwa imekwisha kuondoa kibali chake cha kuwaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Mtu anaweza kutokubaliana na siasa za Ingabire tangu mwanzo hadi mwisho na bado akaona faida ya kazi ile: maneno yalisomwa kabla ya kuhukumiwa.

Ukimya nao una gharama zake, na sisi walimu tunazijua. Baada ya 1994 ufundishaji wa historia ya Rwanda shuleni ulisimamishwa kwa miaka kama kumi. Sababu ilieleweka: vitabu vya zamani vilikuwa vimebeba sumu ya ukabila, na vipya havikuwapo. Lakini mtoto haachi kuuliza kwa kuwa mtaala umenyamaza. Atauliza nyumbani, na nyumbani kila familia ina historia yake, nyingine ya kweli, nyingine ya kujitetea, na hakuna mwalimu wa kuuliza “umejuaje?” Mficha maradhi kifo humuumbua. Nchi ilipoanza tena kufundisha historia, ilianza na kizazi kilichokwisha kuisikia kwa kunong’onezwa.

Vuka mto sasa. Wabelgiji waliotawala Kongo waliogopa sana vijitabu vya dini vya Watch Tower vilivyoingia kutoka kusini. Watu waliichukua ile “tower” wakaifanya Kiswahili, ikawa Kitawala, na ndani ya neno hilo walisikia “kutawala”. Serikali ya kikoloni ilianza kuipiga marufuku katika miaka ya 1930, ikawakamata wafuasi na kuwahamishia mbali. Matokeo yake ni kwamba Kitawala kilienea pamoja na wafungwa wake, hadi mwaka 1944 kukazuka uasi wa Masisi, Kivu, ulioongozwa na Bushiri. Sidai kwamba vijitabu vingeachwa huru uasi usingetokea. Watu walikuwa na kazi za shuruti na kodi za kutosha kuwakasirisha. Nasema tu kwamba marufuku ilishughulika na karatasi, ikayaacha mambo yaliyowafanya watu waisome karatasi hiyo kwa kiu.

Watu wa Bukavu wenyewe wanakumbuka barua moja. Mkesha wa Noeli ya 1999, askofu mkuu Emmanuel Kataliko aliwaandikia waumini wake kuhusu unyonyaji na mateso chini ya utawala wa kivita wa waasi wa RCD, ambao Rwanda iliuunga mkono. Februari 2000 RCD walimzuia kurudi Bukavu, wakamhamishia Butembo. Kanisa na watu wa mji walipinga kwa miezi. Alirudi Septemba, akapokewa na umati, na tarehe 4 Oktoba 2000 akafariki akiwa Roma. Miaka minne kabla yake, Oktoba 1996, mtangulizi wake Christophe Munzihirwa, naye mwandishi wa barua zilizosema wazi, alikuwa ameuawa katika mji huohuo. Hivyo unapovuka daraja kwenda Bukavu unaingia mji ambao maaskofu wake wawili waliadhibiwa kwa sababu ya kuandika. Barua ya Kataliko ilikuwa kurasa chache tu. Kilichoipa nguvu ni kwamba waliosomewa makanisani walikuta humo maisha yao wenyewe.

Na hapo ndipo ninaporudi kwenye kile kitabu chembamba mfukoni mwangu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili alipoandika mwaka 1968 kijitabu Kenya: Twendapi?, akihoji namna serikali ilivyokuwa ikikibana chama cha upinzani cha KPU. Alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, sehemu kubwa akiwa peke yake. Mashairi aliyoyaandika humo kwa siri, kwenye karatasi za chooni, ndiyo yaliyotoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu hicho kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la rais yuleyule aliyekuwa madarakani alipofungwa. Kitabu kilikuwa cha kweli tangu mwanzo, na kilichobadilika ni hofu ya wenye nguvu tu.

Tazama pia lugha ambayo mkasi huitafuta. Julai 1977 Ngũgĩ wa Thiong’o alizindua Petals of Blood, riwaya kali ya Kiingereza, na waziri wa fedha Mwai Kibaki akahudhuria uzinduzi. Mwaka huohuo yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika tamthilia ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ikachezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Kibali cha maonyesho kikafutwa Novemba, na siku ya mwisho ya Desemba Ngũgĩ akachukuliwa kwenda kizuizini Kamiti kwa karibu mwaka mzima. Riwaya yake Matigari, iliyotoka kwa Kikuyu 1986, ilizolewa madukani mwaka uliofuata. Wanyonge wakisemewa kwa lugha wasiyoisoma, dola huvumilia. Wakisemewa kwa lugha ya jikoni na sokoni, askari wanatumwa. Sisi tunaoandika Kiswahili kwenye maziwa haya makuu tulielewe hilo vizuri. Lugha yetu inavyozidi kufika mbali, ndivyo watakavyozidi kuifuatilia.

Hoja ya pili yenye uzito ni ya watoto. Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania, chini ya Profesa Adolf Mkenda, ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila na maadili. Mimi ni mwalimu na mzazi. Sitaki mtoto wa miaka minane apewe kila kitu. Mwalimu huchagua. Akichagua vitabu kumi vya mwaka, ameviacha maelfu, na hakuna aliyeonewa. Lakini kuchagua kunaacha kile kingine kwenye rafu, na mzazi mwingine anaweza kukichukua. Marufuku inamnyang’anya hata mzazi huyo uamuzi wake, na inamfundisha mwalimu wa kijijini kwamba njia salama ni kutoweka kitabu chochote chenye shaka maktabani. Nimeona kabati la shule lenye kufuli kubwa, funguo anazo mtu mmoja, na ndani vitabu vipya havijawahi kufunguliwa kurasa. Hakuna aliyevikataza. Hofu ya kuulizwa imetosha.

Watanzania wenyewe wana mfano unaojitosheleza. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya ya binti wa Ukerewe aliyebanwa na baba mkali hadi akaharibikiwa alipopata uhuru wa shule, kitabu kilizuiwa mashuleni kwa sababu kilitaja wazi mambo ya ngono na utoaji mimba. Miaka ikapita, kikawa kitabu cha kiada. Wasichana waliokuwa shuleni katika miaka ya marufuku ndio waliokihitaji zaidi. Zakaria, baba yake Rosa, aliamini kwamba mtoto atalindwa kwa kutojua, na riwaya nzima inaonyesha matokeo ya imani hiyo. Waliokizuia walikuwa wakifanya kosa lilelile la Zakaria, wakiwa na nia njema kama yake.

Uganda imetupa kisa kinachofanana na changu pale forodhani, ila chake hakikuisha kwa ubeti mmoja. Oktoba 2010 nakala za The Correct Line?, kitabu cha daktari Olive Kobusingye kuhusu utawala wa Museveni, zilizuiwa na watu wa forodha Entebbe, kisha baadaye zikaachiwa. Mwaka 2020 Kakwenza Rukirabashaija alikamatwa kwa ajili ya riwaya yake The Greedy Barbarian, na akaeleza alivyoteswa. Alikamatwa tena Desemba 2021, safari hii kwa maneno ya mtandaoni, na Februari 2022 akatoroka. Alivukia Rwanda, na kutoka hapa akafika Ujerumani. Nalitaja hilo kwa heshima ya nchi hii: mpaka unaoweza kuzuia kitabu unaweza pia kumwokoa mwandishi. Inategemea tumeamua uwe mpaka wa namna gani.

Nchi zote za Afrika nilizozitaja zimeridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981, ambao kifungu chake cha 9 kinampa kila mtu haki ya kupata habari na kutoa maoni yake kwa mujibu wa sheria. Tamko la Ulimwengu la 1948, kifungu cha 19, linakwenda mbali zaidi na kusema haki hiyo haijali mipaka ya nchi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya hiyo. Tumekubaliana kuhusu nyanya, saruji na umeme. Kuhusu vitabu tumeachia kila mtu na mkasi wake.

Msimamo wangu ni huu. Asiwepo waziri, kamanda, askofu, sheha wala afisa wa forodha mwenye mamlaka ya kukifuta kitabu. Anayechochea watu wauawe ashtakiwe kwa jina lake, mbele ya mahakama ya wazi, kwa maneno yake yaliyosomwa yote. Shule zichague vitabu hadharani na ziseme kwa nini zimechagua, bila kuandama visivyochaguliwa. Na kama serikali zetu zinaona hazina budi kuwa na orodha ya vitabu visivyovuka, basi waheshimiwa, ibandikeni ukutani pale Rusizi II, kingo zote mbili, kwa Kiswahili, karibu na dirisha la jeto ambapo mama mwenye beseni la nyanya ataisoma akisubiri muhuri. Mbele ya kila kitabu iandikwe sababu, jina la aliyetia sahihi, tarehe, na mahakama ambapo msomaji anaweza kwenda kupinga.